Picha ya Darajani

Kazini walimwita Darubini, na jina hilo alilipata kihalali. Alikuwa mhariri wa picha wa gazeti la kila siku, na jicho lake halikupitwa na kitu: kivuli cha mpiga picha kwenye nyasi, shati lililofungwa kifungo tundu la jirani, bibi harusi aliyekanyaga gauni lake mwenyewe. Waandishi walikuwa wanakuja mezani kwake kumwonyesha picha za watoto wao ili tu wasikie atasema nini.

Vita vilipoanza, chumba chao cha habari kiliongezewa meza moja. Ililetwa asubuhi na watu wawili wasiosalimia mtu, ikawekwa kati ya meza ya Darubini na dirisha. Mchana akaja mwenye kuikalia, mtu mzima mwenye shati lililonyooshwa vizuri na sauti ya chini kama ya mtu aliye wodini. Alitoka Ofisi ya Habari za Vita. Kuanzia siku hiyo hakuna picha iliyoingia gazetini bila yeye kuigongea muhuri.

"Hapana, dada yangu," ndilo neno lake. Hapana kwa bendeji. Hapana kwa moshi uliotoka upande wa malori yetu. Hapana kwa askari aliyesinzia, kwa foleni ya mkate, kwa mama aliyefunika mdomo. Hakuwahi kugomba wala kupandisha sauti, na ukimwuliza sababu alikuwa anatabasamu kama aliyeulizwa umri wa mkewe. Wakambatiza Bwana Hapana. Mwanzoni waliliita jina hilo kwa kunong'ona na kucheka. Baadaye hata kunong'ona kukaisha.

Kuliisha kwa sababu ya mwandishi wa michezo. Siku moja, kwenye chumba cha chai, alisema jeshi letu linashinda kila siku na kila siku liko karibu zaidi na mji, kwa hiyo bila shaka linarudi nyuma kuchukua mbio. Watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Kesho yake kiti chake kilikuwa kitupu, na mhariri mkuu akatangaza, huku akitazama saa yake, kwamba mwenzetu amepewa likizo. Sasa, Bwana Hapana hakuwemo chumbani wakati ule. Walikuwemo wenyewe kwa wenyewe tu, watu waliochangiana misiba na harusi. Tangu hapo, ukiingia kwenye chai ulisikia vijiko tu.

Darubini alikuwa na sababu yake ya kuufunga mdomo. Aliishi na mdogo wake, fundi wa kushona nguo, aliyehamia kwake na cherehani yake mumewe alipopelekwa vitani. Shemeji huyo alikuwa mtu wa vicheko, anayeingia nyumbani kwa watu akiuliza kimepikwa nini kabla ya kuvua viatu. Barua zake zilikuja mwanzoni, zikachelewa, kisha zikakatika. Mdogo mtu hakulia. Alishona tu, na siku ambazo hakuna mteja, alikuwa anafumua nguo zake mwenyewe na kuzishona upya.

Ndipo ikaja picha ya darajani.

Haikuletwa na mpiga picha yeyote wa gazeti. Ililetwa na Ofisi, imeshagongwa muhuri, na maelezo yake chini: majeshi yetu yalitwaa daraja jana, hali ni shwari, wananchi wanavuka kwenda sokoni kama kawaida. Askari walikuwa wamepanda juu ya kingo za daraja, bendera imewapepea kichwani, wote meno nje. Darubini alianza kuikuza ili aone aikate wapi, na kwenye safu ya pili akamwona shemeji yake anacheka.

Moyo ulimruka. Alitaka kupiga kelele, akajishika. Akaikuza zaidi ili amwone vizuri, na hapo furaha yote ikamshuka miguuni.

Likizo yake ya mwisho kabla ya vita, shemeji alipanda darini kuziba paa lililokuwa linavuja. Bati likateleza likamchana juu ya jicho la kushoto. Darubini mwenyewe ndiye aliyembana na kitambaa mpaka wakafika zahanati. Kidonda kilipopona, nywele hazikuota tena pale. Nyusi ikabaki na njia katikati, na mdogo wake akawa anamwuliza mumewe ni kinyozi gani anayemchana nyusi. Kwenye picha ile nyusi zote mbili zilikuwa nzima.

Darubini akatafuta maelezo mengine, kama mtu anavyopekua mifuko yote kabla ya kukubali kwamba ameibiwa. Labda wamemsafisha uso. Lakini askari wa mbele kabisa alikuwa na chunusi shavuni, na hakuna anayemsafisha mtu wa safu ya pili akamwacha wa kwanza na chunusi zake. Labda siye. Ndiye. Basi picha ilipigwa kabla ya likizo ile, kabla hata vita havijaanza, kwenye mazoezi, na daraja lenyewe si lile walilolitaja. Na kama walihitaji kutoa picha ya zamani ya watu hawa, watu wenyewe wako wapi sasa?

Akageuza kiti. "Mzee, hii ilipigwa lini?"

"Jana," Bwana Hapana akajibu. "Si imeandikwa hapo chini?"

"Nimeona. Nimeuliza tu kwa ajili ya mwanga."

"Mwanga una nini?"

"Hauna kitu."

Bwana Hapana alimtazama, akaitazama skrini, akamtazama tena. "Una ndugu jeshini, dada yangu?"

"Sina." Jibu lilitoka kabla hajaliwaza, na lilipotoka akajua amekosea, maana mtu hakuulizi swali kama hilo ila jibu analo tayari.

Alirudi nyumbani jioni ile akasema anaumwa kichwa, akalala mapema.

Asubuhi chai haijachemka, Mama Pacha wa jirani akaingia bila kubisha, gazeti juu kama bendera. "Mke wa askari! Amka! Bwana wako huyu hapa!"

Mdogo mtu alilikwapua. Alitazama, akakaa chini sakafuni pale pale, akaweka gazeti magotini na kucheka na kulia kwa pamoja. Majirani wakajaa mlangoni. Mwingine akaleta sukari, mwingine akaanza wimbo. "Dada!" mdogo mtu akapiga kelele. "Wewe mwanamke wewe! Umelala na habari hii tumboni usiku kucha, ukaniacha nateseka?"

"Haturuhusiwi kusema kabla halijatoka," Darubini akasema. Hilo angalau lilikuwa kweli.

Akakumbatiwa, akachezeshwa, akapewa chai yenye sukari nyingi. Alijitahidi kucheka lakini uso ulikataa. Wageni walipotawanyika, mdogo wake akasimama mbele yake, akamtazama kama anavyomtazama mteja anayeapa kwamba hajanenepa.

"Mbona hufurahi?"

"Nimefurahi. Nimechoka tu."

"Dada. Kuna kitu."

"Hakuna kitu. Nachelewa kazini."

Akatoka mbio mbio, na mgongoni alihisi macho ya mdogo wake mpaka alipokata kona.

Wiki ile ile akarudi Kobe kutoka mstari wa mbele. Kobe ni mpiga picha, aliyeitwa hivyo kwa begi kubwa asilolivua mgongoni hata akila. Yeye na Darubini walianza kazi pamoja enzi za filamu. Baba yake Darubini alipofariki, Kobe ndiye aliyeendesha gari la maiti mpaka kijijini na kurudi. Lakini sasa Darubini alimwona akipanda ngazi na kamera mpya kabisa, yenye kibandiko cha Ofisi, na akajikuta anamdhania mambo ambayo hakuwahi kumdhania. Wapiga picha wenzake wawili hawakuwa wamerudi. Yeye amerudi, tena mashavu yamejaa.

Alimfuata kwenye stoo ya magazeti ya zamani.

"Daraja ulilipiga wewe?"

"Daraja gani?" Kobe hakumtazama.

"La ukurasa wa mbele."

"Mimi sikufika huko."

"Kadi za kamera yako ziko wapi?"

"Walizifuta kizuizini, zote." Sasa akageuka. "Wewe unazitaka za nini? Nani kakutuma?"

"Kobe! Mimi?"

"Wewe, ndiyo. Umekaa ubavuni mwa yule mzee miezi yote hii. Mwandishi wa michezo kaenda, wewe upo. Unataka nikufikirie nini?"

"Na wewe umetoka na kamera mpya. Wenzako hawajulikani walipo, wewe umerudi umenenepa. Mimi nikufikirie nini?"

Walitazamana. Hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake maneno kama hayo, na baada ya kusemwa yalibaki pale kati yao, yananuka. Darubini alijua kwamba kama Kobe ndiye mpeleka maneno, basi yeye mwenyewe ameshajimaliza tayari na hakuna la kuongeza. Akapiga moyo konde, akamweleza habari ya nyusi.

Kobe alisikiliza huku ameshika mkanda wa begi lake. Alikwenda akaufunga mlango, kisha akaufungua tena, ili wasionekane wamejifungia.

"Daraja halipo," akasema kwa sauti ambayo Darubini alilazimika kuisogelea. "Lililipuliwa mwanzoni kabisa. Hakuna aliyelitwaa kwa sababu hakuna cha kutwaa. Kamera walinipa baada ya kuivunja ile yangu mbele ya macho yangu."

"Na watu?"

"Wengine ndiyo hivyo tena. Wengine wanaletwa na treni ya mizigo, wanashushwa kabla ya stesheni. Pita upande wa chuo cha ufundi, utazame madirisha. Usisimame." Akabeba begi lake vizuri. "Na kama umetumwa, basi wamenipata kwa mwanamke niliyemheshimu."

Darubini alipita siku iliyofuata, mchana kweupe, na kikapu mkononi kama anayetoka sokoni. Chuo kile alikijua. Kuta zake za matofali yenye matundu ya nyota hazikuwa na mfano mjini. Wanafunzi walikuwa wamerudishwa makwao tangu vita vianze. Madirisha yote yalikuwa yamepakwa chokaa kwa ndani. Nyuma, juu ya ua, shuka nyeupe zilianikwa, nyingi kuliko za hoteli yoyote, na upepo ulimletea harufu ya dawa ya kuoshea vidonda. Kwenye kituo cha basi upande wa pili alikaa mwanamume mwenye gazeti, na kurasa zake hazikugeuka. Huenda alikuwa abiria. Huenda ni usingizi tu. Darubini alikaza mwendo asigeuke, na njia nzima alijiuliza kama Kobe alimtuma pale ili aone ukweli au ili aonwe.

Aliporudi kazini, mhariri mkuu alikuwa amesimama kando ya meza ya Bwana Hapana, anajifuta jasho shingoni.

"Uliniambia huna ndugu jeshini," Bwana Hapana akasema, kwa upole ule ule.

"Sina, mzee."

"Mume wa mdogo wako ni nani kwako?"

"Ni shemeji."

Mhariri mkuu alikohoa. Bwana Hapana akainamisha kichwa kidogo, kama aliyefungwa goli zuri. "Basi shemeji yako ametambuliwa na majirani, na Ofisi imepata habari. Wamefurahi sana. Wanataka habari ya mke wa shujaa wa daraja, ukurasa wa mbele, na picha yake akitabasamu. Kesho watakuja nyumbani kwako. Nawe utakuwepo, maana picha ni kazi yako."

Kwa hiyo mambo yalifika hapo. Mdogo wake mwenyewe ndiye angetumika kuupigilia uongo ule misumari, na yeye ndiye angeshika nyundo.

Jioni aliwasha redio juu, akafunga dirisha, akamwambia mdogo wake kila kitu. Alimwambia habari ya nyusi, ya daraja lisilokuwepo, na ya chuo cha ufundi. Mdogo mtu alisikiliza mkono ukiwa juu ya gurudumu la cherehani. Alipoinua kichwa macho yake yalikuwa makavu.

"Umekaa siku zote hizi unanitazama nikicheza."

"Niliogopa."

"Uliniogopa mimi?"

"Niliogopa kila mtu. Nilifikiri utamwambia Mama Pacha, Mama Pacha atawaambia wengine, halafu wanakuja kutuchukua wote."

"Mama Pacha!" Mdogo mtu alicheka kicheko kisicho na ladha. "Tumefika mahali tunamwogopa Mama Pacha." Akaiongeza redio sauti. "Yu hai?"

"Sijui. Naapa sijui."

"Hao wanaokuja kesho wanajua?"

"Wao wanajua, au wanajua pa kuuliza."

Mdogo wake aliinuka, akachagua kitambaa, akaanza kujikatia gauni.

Kesho yake gari la Ofisi lilisimama mlangoni. Alishuka mwanamke wa viatu virefu mwenye karatasi za maswali na majibu yake, nyuma yake mpiga picha wa Ofisi, na mwishowe Bwana Hapana. Darubini alipotoka nje alikuta uwanja umejaa. Mdogo wake alikuwa amepita kila nyumba kuwaalika waje washuhudie. Wanawake wamevaa vizuri, Mama Pacha mbele na wanawe wawili. Mke wa shujaa akatoka kwenye gauni jipya, amejipodoa, anang'aa. Mwanamke wa Ofisi alifurahi mpaka akapiga makofi.

"Simama hapa, mpenzi. Shika gazeti. Cheka."

"Mimi niko tayari," mdogo mtu akasema kwa sauti ya kufika mpaka barabarani. "Nimeoga, nimevaa, nimejipaka. Lakini shangazi, nisaidie jambo moja. Picha ya mke peke yake si picha ya mjane hiyo? Nipelekeni nikapige na bwana wangu."

Watu wakacheka. Mwanamke wa Ofisi naye akacheka, kisha akaona kwamba mwenzake anasubiri jibu.

"Huko ni vitani, mpenzi."

"Si gazeti limesema ni shwari? Limesema watu wanavuka kwenda sokoni kama kawaida."

"Limesema!" Mama Pacha akadakia. "Nimelisoma mwenyewe! Na mimi kaka yangu yuko kikosi hicho hicho, nafasi garini haikosi."

"Hata mimi mwanangu," akasema mwingine.

"Hata wangu."

Sauti zikaongezeka, zote za furaha, hakuna hata moja ya ugomvi, na ndiyo maana hakukuwa na wa kumkamata. Mwanamke wa Ofisi alimtazama Bwana Hapana kama mwanafunzi anayemtazama mwalimu. Darubini naye alimtazama, roho juu. Lile neno lake la kila siku lilikuwa pale mdomoni, wote walilisubiri. Bwana Hapana aliutazama uwanja ule wa wanawake kwa kitambo, akavua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

"Tutaona linalowezekana," akasema.

Walirudi siku chache baadaye, wakamchukua mdogo mtu peke yake, kwenye gari la vioo vyeusi. Siku hiyo Darubini hakuweza kula wala kukaa. Jua lilipokaribia kuzama gari likamrudisha. Aliingia ndani, akawasha redio, akamshika dada yake mabega.

"Yupo. Yu hai. Mguu wa kulia hana, umekatwa juu ya goti." Hapo ndipo alipolia, kilio kirefu, na Darubini akamshikilia mpaka kikapungua. "Ni chuo cha ufundi, dada. Walinizungusha barabarani nisijue, lakini matundu yale ya nyota nani asiyeyajua? Wamejaa mpaka kwenye korido. Wengine hawajaandikiwa hata jina. Aliponiona aliniuliza nimepika nini."

Picha iliingia kwenye kompyuta ya Darubini asubuhi iliyofuata. Shemeji amekaa kwenye kiti, blanketi magotini, na mkewe nyuma yake amemwekea mkono begani. Wote wawili wanatabasamu kama walivyoamriwa. Maelezo yalisema shujaa yuko mapumzikoni. Maagizo yalikuwa ya mstari mmoja: ikatwe kiunoni.

Akaikata kiunoni. Blanketi likapotea, na pamoja nalo mguu uliokuwepo na ule usiokuwepo. Lakini ukutani, kando ya bega la shemeji, yaliegemezwa magongo mawili, vichwa vyake vimeviringishwa kitambaa, na nyuma yake matofali matatu ya matundu ya nyota. Kukata kulia kidogo tu kungeyaondoa yote. Mtu mwingine angesema hakuyaona. Yeye hakuweza kusema hivyo, kwa jina lile walilompa. Alifikiria kumwaga unga, alifikiria kiti kitupu cha mwandishi wa michezo, akafikiria korido. Akaacha kama ilivyo, akachapa ukurasa, akauweka mezani kwa Bwana Hapana.

Bwana Hapana aliutazama muda mrefu kuliko kawaida. Kidole chake kikatembea mpaka pembeni, kikatua.

"Hapa ni nini?"

"Wapi, mzee?"

"Hapa, karibu na bega."

"Fanicha."

"Fanicha," Bwana Hapana akarudia taratibu. Akamtazama usoni, na Darubini hakujua anaangaliwa na mtu anayemhurumia au na mtu anayemsubiri ajiseme. Kisha akachukua muhuri, akagonga.

Gazeti lilipotoka, halikupita saa nyingi kabla ya mji kuacha kumwangalia shujaa na kuanza kuangalia fanicha. Mafundi waliosoma chuo kile waliyatambua matofali. Mchana wanawake walikuwa getini, wengi kuliko wale wa uwanjani, wamekaa chini kimya na vyakula walivyopika. Askari wakawafukuza, wakarudi. Kesho yake wakaongezeka. Mwishowe redio ikasema kwa mara ya kwanza kwamba wapo majeruhi wachache wanaopata huduma nzuri, na ndugu wataruhusiwa kuwaona kwa utaratibu. "Wachache" hao walichukua siku nyingi kuonwa wote. Kaka yake Mama Pacha hakuwa miongoni mwao.

Darubini aliitwa Ofisi, akahojiwa asubuhi nzima. Alirudia jambo moja tu: aliambiwa akate kiunoni, akakata kiunoni, na muhuri si wake. Hawakumfunga. Walimhamishia kwenye matangazo ya biashara, ambako alipanga picha za magodoro na sabuni, na hakuna aliyeomba tena maoni yake. Bwana Hapana hakuonekana tena. Wengine walisema alikuwa na mpwa wake kwenye korido ile. Wengine walisema macho yalikuwa yameanza kumfifia. Wapo waliosema, tena kwa uhakika, kwamba aliiachia picha ile kwa makusudi ili Ofisi ione nani atasema nini. Mrithi wake alikuwa kijana asiyetabasamu, na neno lake lilikuwa hilo hilo.

Na Kobe? Darubini alimwona siku moja kwenye ngazi, akamwambia, "Nisamehe, kaka. Nilikudhania vibaya."

"Mimi pia," Kobe akasema. "Yameisha." Lakini hayakuisha kabisa. Walisalimiana vizuri, waliulizana habari za nyumbani, na kila mmoja aliyapima maneno yake kabla ya kuyatoa.

Shemeji aliruhusiwa kutoka baada ya mvua kuanza. Aliingia akiruka na magongo yake, akapiga kelele mlangoni kwamba sasa ana kiatu kimoja tu cha kuvua kwa hiyo chakula kiletwe haraka, na mkewe akacheka kwa mara ya kwanza bila kusikilizia nani yuko nje. Walikuwa bado wanakula mlango ulipobishwa. Mazungumzo yakakatika, hata shemeji akashusha kijiko.

Darubini akafungua. Alisimama mwanamke asiyemfahamu, ameloa, na gazeti la siku ile kifuani chini ya kanga.

"Samahani, dada. Nimeambiwa hapa kuna mtu anayejua kutazama picha." Alilitoa gazeti, akaonyesha kwa kidole askari mmoja kati ya wengi waliosimama mbele ya ghala. "Ni mwanangu huyu. Wanasema ni ya juzi. Mimi naona kama kuna kitu, lakini sijui ni nini."

Darubini alimtazama usoni, akatazama barabara nyuma yake. Kulikuwa na gari limesimama mbali kidogo, taa zimezimwa. Alitazama viatu vya yule mama, mikono yake, jinsi alivyolishika gazeti lisiingie maji. Vyote vingeweza kuwa kweli na vyote vingeweza kuwa vimepangwa, na hata jicho kama lake halikuweza kutofautisha.

"Nani kakuelekeza?" akauliza.

"Mama Pacha."

Darubini alisimama na mkono kwenye komeo, mvua ikimrukia miguuni. Kisha akasogea kando.

"Ingia, mama," akasema. "Tuitazame kwenye mwanga."